Mshale wa Ghorofa ya Nne

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Valarie anakuja Jumamosi! Miaka miwili nimekaa Kampala peke yangu nikiuza dawa za mifugo, mke wangu yuko Kisumu, na sasa amekubali kuja kuiona nyumba. Kuiona tu. Akiridhika atahamia. Asiporidhika hatahamia, na ameniambia hivyo kwa ile sauti yake ya wodini. Ni muuguzi wa wodi ya walioungua. Haulizi kama nyumba ina maji. Anauliza moto ukiwaka tunatokea wapi.

Mwezi uliopita nilimjibu kwamba kuna njia mbili. Nikaongeza mtungi wa kuzimia moto. Sijui kwa nini niliongeza. Simu ilikuwa inasikika vizuri, maneno yakatoka.

Ukweli ni huu: ghorofa ya nne, mtaa wa Kabalagala, ngazi moja, madirisha yote yana nondo kama ya benki. Mtungi hakuna.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeteremka kwa Hajati Kulusum, mwenye nyumba. Nimemwomba akate nondo za dirisha langu, azitie bawaba zifunguke kwa ndani. Akaniuliza kama nimepatana na wezi. Nikamweleza habari ya moto. Akasema jumba hili lilijengwa na marehemu mumewe na halijaungua hata siku moja. Nikasema hata yaliyoungua yalikuwa hivyo mwanzoni. Hakupenda.

Nasif alikuwepo, bila shaka, amemletea sambusa. Huyu ni wa ghorofa ya pili. Hukaanga sambusa zake kwenye sigiri, nje ya mlango, pale pale kwenye ngazi, makaa yanawaka alasiri nzima. Kisha anakwenda kuziuza kwenye mabaa. Hajati humwita "mwanangu". Mimi huniita Mkenya wa juu.

Nimemtaka Nasif aiondoe sigiri mpaka Jumapili ipite. Akasema, "Ssebo, bwana, wateja wangu hawali sambusa baridi," akanipa moja. Nimeila. Nzuri, mshenzi yule!

Alhamisi, 16 Oktoba

Mtungi umepatikana! Ochola, dereva wa kazini kwetu, alikuwa nao kwenye gari bovu. Mwekundu, una lebo. Akanionya kwamba ni mtupu. Nikamwambia nautakia sura. Nimeutundika ghorofa ya pili, karibu na mlango wa Nasif. Makusudi kabisa. Ajione.

Ijumaa, 17 Oktoba

Imebaki njia ya pili. Mwisho wa korido yetu kuna stoo ya Hajati: mifagio, matambara, makopo ya rangi. Rangi nyekundu nimeitoa humo humo. Juu ya mlango nimeandika NJIA YA DHARURA, na ukutani nimechora mshale mrefu. Kazi safi! Valarie akitaka kuufungua mlango, nitamwambia hufunguliwa siku ya dharura tu.

Kisha akatoka Lamwaka, jirani yangu, mama wa mapacha wa miaka mitano. Akautazama mshale, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema amekuwa akilala na wasiwasi tangu ahamie hapa, na Mungu anibariki. Akawaita watoto, akawaonyesha: wakiona moshi, wafuate mshale wa anko.

Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nitaufuta Jumatatu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amefika. Amepungua kidogo, amependeza sana. Ameutazama mtungi, ameutazama mshale, ametikisa kichwa kukubali. Nondo hazikumpendeza. Ukaguzi kamili kesho. Nimekula nusu sahani.

Jumapili, 19 Oktoba

Lazima niandike.

Saa tisa alasiri Valarie alisema tuanze ukaguzi na dirisha, halafu tuteremke ngazi yote. Nikamwambia nakuja, nikatangulia mbio. Sigiri ya Nasif ilikuwa pale nje, mwenyewe amekwenda kuswali. Makaa yalikuwa na majivu juu. Nikadhani yamekufa. Nikaibeba mpaka chini kabisa ya ngazi, nikaificha nyuma ya godoro kuukuu la Hajati. Nikapanda.

Valarie alikuwa bado anazitikisa nondo moshi ulipotufikia. Mweusi, mzito, moshi wa godoro. Tulipotoka koridoni ngazi haikuonekana tena. Lamwaka akapiga kelele: "Mshale! Fuateni mshale!" Mapacha wakatangulia. Valarie akawafuata na kanga mdomoni, ametulia kama yuko kazini.

Mimi nilijua. Mimi peke yangu. Nikatafuta namna ya kuwaambia bila kujitaja. Nilipoacha kutafuta walikuwa wameshaingia. Nikakimbilia kuwatoa, nikaingia nami, na mlango ukajifunga nyuma yangu. Kwa ndani hauna kitasa.

Giza. Mifagio ikituangukia. Watoto wanakohoa. Valarie akapapasa kuta zote, moja baada ya nyingine. Kisha akauliza taratibu:

"Oyugi. Ngazi iko wapi?"

"Bado haijajengwa," nikasema.

Akachukua matambara, akaziba chini ya mlango. Akawalaza watoto sakafuni, akawaambia wavute hewa ya karibu na simenti. Mimi nikaupiga mlango kwa bega mpaka bega likafa ganzi. Moshi ukawa unaingilia juu. Pacha mmoja akanyamaza, na huko kunyamaza kulinitisha kuliko kilio. Nikamwita Mungu. Nikamwita Hajati. Nikamwita hata Nasif.

Ndiye aliyefungua. Taulo bichi usoni, nyusi zimeungua. Alikuwa ameukimbilia mtungi wangu kwanza, akavuta pini, ukakoroma kidogo, basi. Godoro akalizima kwa ndoo za maji, kisha akapanda kugonga mlango mmoja mmoja, mpaka akasikia jina lake.

Uani Valarie aliwapima watoto. Wazima.

Hajati alipoiona sigiri chini ya ngazi, akamwambia Nasif afungashe vitu vyake. Lile jina la "mwanangu" liliishia pale pale. Nasif akaapa hakuiweka yeye. Hakuna aliyemwamini. Ningeweza kunyamaza. Valarie alikuwa ananitazama mikono, majivu mpaka viwikoni.

"Ni mimi, Hajati," nikasema. "Sigiri, mtungi, mshale. Yote mimi."

Lamwaka akawavuta watoto wake, akanipa mgongo. Nasif akasema tu, "Ungeniuliza kama imekufa, ssebo."

Jumatatu, 20 Oktoba

Valarie hakupanda basi la asubuhi. Sikuthubutu kumuuliza. Alishuka kwa Hajati, akakaa huko saa nzima. Saa sita fundi alikuwa anakata nondo kila ghorofa, na mwenzake anapima ngazi ya chuma ya nje. Hajati anamwita "binti yangu"! Siku moja tu! Mimi miaka miwili, bado Mkenya wa juu.

Nasif amehamishia sigiri uani. Nimekwenda kumwomba radhi. Amenipa sambusa. Nimeshindwa kuimeza.

Nimefuta mshale. Valarie alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Akasema atabaki, kwa sharti: kengele ya moshi chumbani, ifikapo kesho jioni, na nisimdanganye tena maisha yangu yote. Nimeapa. Nimelia kidogo. Kwa moyo wangu wote nimeapa.

Jumanne, 21 Oktoba

Dukani wamesema kengele zimekwisha, mzigo unakuja wiki ijayo. Wiki ijayo! Na Valarie anasubiri leo!

Nimesimama nje ya duka nikafikiri. Kisha kifuniko cheupe cha kopo la mafuta ya kupikia. Taa nyekundu ya baiskeli katikati. Gundi. Imekaa darini kama imezaliwa hapo. Valarie ameuliza mbona haijalia alipounguza vitunguu. Nimemwambia ni ya kisasa, hailii ovyo.

Lamwaka amechungulia mlangoni. Mara ya kwanza kunisemesha tangu Jumapili! Anataka kengele mbili. Nimemwambia kesho.