Kurasa Thelathini Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kumekucha vibaya. Mwalimu wetu wa uchoraji ametangaza kwamba Ijumaa jopo litakagua kazi za mwisho wa mwaka. Picha pamoja na daftari la mawazo. Kurasa zisizopungua thelathini, kila ukurasa na tarehe yake, zionyeshe wazo lilitoka wapi, lilikua vipi, lilikwama wapi, mpaka likawa picha. Asiye na daftari anarudia mwaka.

Picha ninayo. Nzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Binti yangu wa miaka mitatu, ambaye nyumbani tunamwita Bosi, amekaa ndani ya beseni la nguo, povu mpaka kiunoni, magoti juu, amegoma kutoka. Niliimaliza mchana mmoja, wiki mbili zilizopita, yeye akiwa amelala. Haikukua. Haikukwama. Ilikuja kama chafya.

Daftari nalo ninalo. Kurasa mbili. Wa kwanza: sabuni, vitunguu, dawa ya kikohozi. Wa pili nilijaribu kama kalamu inaandika. Inaandika.

Jioni nikamdokeza mama mkwe, ambaye ndiye anayebaki na Bosi nikienda chuoni, kwamba huenda mwaka huu ukawa mrefu kidogo. Akaendelea kukunja nguo za mtoto. Akasema aliaga kwake kwa mwaka mmoja, si miwili. Kuku wake wanaangaliwa na jirani asiyependa kuku. Mwezi huu ukiisha anaondoka.

Kwa hiyo nikirudia mwaka, sina wa kumwachia mtoto. Nisipokuwa na wa kumwachia mtoto, sina chuo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: uaminifu. Kurasa thelathini kwa siku tatu ni kumi kwa siku. Kuna watu wanajenga madaraja.

Nilichokosa ni mawazo, basi nikamwendea Profesa. Si profesa wa kweli, ni mwanafunzi mwenzangu. Tumempa jina hilo kwa sababu hawezi kusema amechora kikombe. Anasema amefanya mazungumzo na kikombe. Yuko kwenye daftari la nne. Limenona hata halifungiki. Kabandika majani, tiketi, na kipande cha soksi. Nikamuuliza mawazo anayatoa wapi. Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyelala usingizi wa saa nane. Akasema mawazo hayatafutwi, yanasubiriwa. Saa nzima, kimya, macho kwenye kitu kimoja.

Kimya! Huyu hajawahi kukaa na mtu wa miaka mitatu.

Nikajaribu hata hivyo. Mchana nikakaa sakafuni mbele ya beseni tupu, penseli mkononi. Dakika ya kwanza: beseni. Dakika ya tatu: beseni. Dakika ya saba siikumbuki. Nimeamshwa na Bosi akinigonga paji la uso kwa kijiko. Alikuwa amenifunika taulo mpaka kidevuni, akaniambia nilale tu, leo anapika yeye. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Kisha nikamnyang'anya kijiko, kwa sababu ni cha kuchanganyia rangi, na nikamwambia vya mama havichezewi. Akanuna. Nami nikanuna. Tumenuniana mpaka chakula cha jioni.

Kurasa zilizopatikana leo: sifuri.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango wa pili. Nashangaa sikuufikiria mapema. Kwa nini nihangaike kutafuta wazo lilitoka wapi wakati najua lilifika wapi? Nitaanza mwisho nirudi nyuma! Nitainakili picha yangu mara thelathini, kila nakala mbaya kuliko iliyotangulia. Kisha nazipanga kinyume. Mbaya kabisa iwe ya Machi, nzuri iwe ya Mei. Jopo litaona wazo likikua mbele ya macho yao.

Mama mkwe akampeleka Bosi kwa jirani. Nikaanza.

Jamani, kuchora vibaya ni kazi. Nakala ya tano nzuri. Ya kumi bado nzuri. Mkono unakataa kuharibu. Nikahamia mkono wa kushoto. Ikatoka nzuri zaidi, nikaogopa. Mwisho nikafumba macho. Nikapata kitu kama kiazi kimekaa kwenye sahani. Basi kiazi ndicho wazo langu la kwanza, tarehe 12 Machi.

Mchana mume wangu akaja kula. Yeye ni fundi wa friji, ana jicho la kuona panapovuja. Akafunua kurasa mbili tatu, akauliza Aprili imeanza lini kuwa na siku thelathini na moja. Nikaibadilisha tatu ikawa mbili. Sasa nina tarehe 21 mbili. Chini ya ya pili nikaandika: "Leo nimechora mara mbili kwa hamasa." Akauliza kwa nini nisimweleze mwalimu ukweli. Nikamwambia arudi kwenye friji zake.

Tatizo lingine: kurasa zinang'aa. Za miezi mitatu hazing'ai hivi. Nikazichomoa zote, nikazilowesha kwenye sinia la chai ya rangi. Mama mkwe akarudi akalikuta sinia mezani. Akalitazama kwa muda. Akasema amekaribishwa chai nyumba nyingi, ila yenye karatasi ndiyo mara ya kwanza. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Mwanangu, nguvu zote hizi, si ungechora tu?"

Nilikuwa napiga pasi Aprili.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Daftari limeshonwa. Linanukia chai, lakini wasanii wengi wananukia vitu vibaya zaidi.

Profesa kaliona kwapani mwangu, unene wake ukamkwama kooni. Akaomba alitupie jicho. Nikamwambia bado halijawa tayari kutazamwa na mtu mwingine. Akaitikia kwa heshima. Nimetembea ukumbi mzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Raha hiyo haikufika nyumbani. Naona kama nimesahau kitu. Nimehesabu kurasa: thelathini. Tarehe: zimepangika. Povu: lipo. Kiazi: kipo. Nimetia chumvi kwenye uji wa Bosi badala ya sukari, naye ameumaliza bila neno. Hilo limenitisha kuliko jopo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Niandike haraka.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwalimu wetu, mwalimu wa ufinyanzi, na mgeni: mama mtu mzima, mchongaji wa mbao, mikono mikubwa yenye makovu, miwani inaning'inia kwa kamba. Aliitazama picha yangu muda mrefu. Mwalimu wetu yeye alikimbilia daftari. Akakiri hakutegemea hili kutoka kwangu. Kiazi alikiita ujasiri. Nikaanza kupumua kama binadamu.

Mgeni akavaa miwani, akalichukua daftari. Akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua mbele. Akaniuliza kama mtoto ni mzima. Nikasema mzima. Akauliza, na goti je?

Goti gani?

Akaweka kidole. Tarehe 2 Aprili, plasta goti la kushoto. Tarehe 21 Aprili zote mbili, plasta. Mei yote, plasta. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kidonda kisichopona miezi mitatu si cha kuchezea. Je, daktari amekiona?

Bosi alijikwaa kwenye ngazi siku moja tu kabla sijaichora ile picha. Plasta ilikaa siku tatu. Mimi nimeichora miezi mitatu! Hata kiazi kina plasta.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukisema ni kidonda kisumbufu. Mdomo haukuishia hapo. Ukasema ni mambo ya ukoo, upande wa baba. Mwalimu wa ufinyanzi akaguna. Lakini mgeni hakuguna. Akanishika mkono, akatoa simu, akasema dada yake ni nesi, ampigie sasa hivi nimpeleke mtoto leo leo. Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Nikashindwa. Mwenye kumhurumia mwanangu siwezi kumdanganya mara mbili. Nikamwaga yote: chai, pasi, mkono wa kushoto, tarehe 31 Aprili.

Mwalimu wetu akatazama dari. Nikamwona mama mkwe akifunga mizigo, nikamwona Bosi kwenye kochi la jirani, nikajiona nimerudi kwenye vitunguu na dawa ya kikohozi.

Mgeni akauliza siku ile ilikuwaje. Nikamwambia nilikuwa nafua tangu asubuhi, kiuno kinaniuma. Nikageuka kuchukua ndoo, kugeuka tena namkuta Bosi kakaa ndani ya beseni, kwenye povu, juu ya mashuka niliyokwisha kuyasugua, na nguo zake mwilini. Nikamwambia atoke. Akasema hatoki, anafua. Nikafungua mdomo nimfokee. Nikauona mgongo wake ulivyokuwa mdogo. Mdomo ukabaki wazi. Nikakaa chini na maji yakinichuruzika mikononi, nikamtazama mpaka povu likaisha.

Mgeni akavua miwani.

"Huo ndio ukurasa wa kwanza, mama. Niletee saba za namna hiyo."

Nimepewa wiki moja. Kurasa saba tu, si thelathini! Ukurasa mmoja kila siku, uandikwe siku yake, kuanzia kesho. Mwalimu wetu alilirudia hilo la siku yake mara mbili, akinitazama usoni.

Nimelia kwenye ngazi za chuo. Mama mkwe nimemweleza nusu. Amesema sawa, tusubiri tuone wiki ijayo itasema nini. Bosi ameniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nimemwambia sabuni.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeamka mwepesi. Mume wangu ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nimemwambia mengi sana.

Nimelala nalo hili jambo na nimeliona kosa langu waziwazi. Kosa lilikuwa kuandika tarehe za nyuma. Siku zilizopita zina mashahidi. Zina magoti, zina plasta. Siku zijazo hazina shahidi hata mmoja!

Kwa hiyo leo Bosi alipolala nimezimaliza zote saba, Jumamosi mpaka Ijumaa. Jumatatu nimetulia. Jumatano nimekwama kabisa. Alhamisi asubuhi nimekata tamaa. Pana doa la chozi, maji ya bomba, limekaa vizuri. Alhamisi jioni wazo limenijia ghafla nikianua nguo. Nina wiki nzima ya kupumzika.

Ukurasa wa Ijumaa nimeandika kwamba siku hizi saba zimenifundisha kutokuwa na haraka. Wino umeshakauka.