Ngurumo ya Kilo Thelathini na Moja

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimepoteza kiti cha solo. Jana, Jumapili, saa tisa na robo alasiri, ndani ya gereji ya Bi Mayasa, Troyeville. Naandika saa na mahali ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilikiacha mwenyewe.

Miaka kumi na moja nimekikalia. Harusi sitini na nne za Waswahili wa mji huu, gitaa la solo ni mimi. Mchana nauza mikanda ya suruali kando ya barabara Newtown, na mtu akinihitaji ananiita "wewe wa mikanda". Jioni ya harusi naitwa Mwadini Solo. Bila kile kiti nabaki na mikanda.

Sababu iliyotolewa: amplifaya yangu inanguruma. Ni ya zamani, ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama vibatari. Kilo thelathini na moja. Niliinunua hoteli moja ilipofungwa, nikaipandisha mwenyewe hadi chumbani kwetu Berea, ngazi sabini na mbili, lifti ikiwa imekufa kama kawaida yake. Kweli, inanguruma. Kama friji yenye pumu. Pia inapasukapasuka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Lakini miaka yote hiyo ilikuwa ikinguruma na nikipewa pilau kama wengine.

Bi Mayasa ndiye mwenye kikundi. Mumewe ni mtu wa hapa, alikimbilia Morogoro enzi za mapambano dhidi ya makaburu, akarudi na mke. Mama mpole. Hakusema nimeondolewa. Alisema kaka Mwadini apumzike kidogo, Gaston ashike solo, tutaangalia. Apumzike! Sikuomba likizo.

Gaston ni Mkongo wa Bukavu. Miaka ishirini na tisa. Ana kiamplifaya cha kisasa chenye magurudumu. Mwanamuziki anavuta chombo chake kama abiria wa ndege.

Harusi tutakayopiga, ya Nusaiba, ni Jumamosi ya tarehe 24. Watu mia tatu. Mazoezi ya mwisho ni Jumapili hii. Nina siku sita. Nitaitengeneza mwenyewe, hapa nyumbani. Mimi sikusomeshwa na mtu. Pasi nilitengeneza. Birika nilitengeneza. (Linarusha kidogo, lakini linachemsha.)

Jumanne, 13 Mei 2025

Kazi imeanza saa nane. Nimefunga biashara mapema. Meza ya jikoni, ambayo tunatumia pamoja na Victorine, Mkongo wa chumba cha pili. Skrubu kumi na nne nimezitoa, nikazipanga kwa safu mbili za saba.

Mgongoni valvu tano: mbili kubwa, tatu ndogo. Nilishasikia kwamba valvu mbovu hujulikana kwa kugongwa taratibu na kitu cha mti huku mashine inawaka. Cha chuma, hapana. Cha mti kilichokuwepo ni mwiko wa mke wangu, Mwatumu. Nikagonga. Kubwa zote mbili, kimya. Ndogo ya tatu, kimya. Ya pili, kimya. Ya kwanza ikalia kama kengele ya shule!

Nimeipata. Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama mwiko utarudi kwenye ugali au sasa umeajiriwa. Mwatumu ni mtu wa Tanga kama mimi, lakini upande wa wenye maneno.

Jumatano, 14 Mei 2025

Valvu mpya ni safari na gharama. Akili ni bure. Nimechukua ndogo ya kwanza nikaiweka nafasi ya tatu, ya tatu nikaipeleka mbele. Mpasukopasuko umekwisha. Wallahi, umekwisha!

Ngurumo imebaki.

Nimefikiri kwa dakika arobaini. Ngurumo ni ya friji, nilisema hivyo mwenyewe juzi. Basi itakuwa inatoka kwenye friji. Friji ni ya Victorine, iko hatua tatu kutoka kwenye soketi yangu. Kumwomba aizime ni kujishusha, maana wiki iliyopita nilimwambia redio yake inakula umeme. Kwa hiyo nikamwambia mwenye nyumba ametuma ujumbe: mkaguzi wa nyaya anakuja, friji zote zizimwe saa kumi mpaka saa kumi na moja. Akazima.

Nikapima kwa simu. Friji inawaka: desibeli hamsini na nane. Friji imezimwa: hamsini na nane. Nikapima mara tisa. Nikachoka, nikaenda kuswali, nikala, nikalala.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Friji haikuwashwa. Victorine alikuwa anamngoja mkaguzi. Sombe, kisamvu cha kwao, ya wiki nzima imechacha, na samaki wawili wamefikia hali ambayo ghorofa nzima imeijua.

Kwa bahati mbaya mwenye nyumba mwenyewe amepita leo kuangalia lifti (ameiangalia, akaondoka). Victorine akamuuliza habari za mkaguzi. Baadaye akanijia mlangoni, mikono kiunoni.

"Papa Shufaa, ule mukaguzi yako alipita kwa dirisha?"

Shufaa ni binti yetu, yuko Durban anasoma. Nashukuru hakuwepo. Nimekubali kununua sombe na samaki. Nimekataa kukubali kwamba nilidanganya. Nilisema nilikagua mwenyewe, kwa niaba ya mkaguzi.

Alasiri, mgeni. Gaston! Amepanda ngazi zote sabini na mbili na hahemi hata kidogo. Nikaifunika amplifaya kwa kanga ya Mwatumu, lakini kanga haifichi kitu chenye ukubwa wa mbuzi. Akaketi, akanywa chai, akasifu chai. Akasema amesikia natengeneza. Kwamba baba yake alikuwa fundi wa mashine za orkesta kule Bukavu. Kwamba ngurumo ya namna ile, isiyopungua hata ukizima sauti, ni kapasita zilizozeeka, vile vikopo vidogo vinavyosafisha umeme. Kwamba nisiguse ndani kabla ya kungoja na kuhakikisha chaji imekwisha, maana humo mnabaki volti mia nne hata plagi ikiwa mkononi. Akatoa mfukoni kifurushi. Kapasita nne mpya. Tatu za kazi, moja ya akiba.

"Mukubwa, ile machine iko na roho. Ni dhambi iende kufa."

Nikamshukuru kwa baridi. Mtu anakuchukulia kiti halafu anakuletea kapasita. Hiyo ni mbinu, ila bado sijajua ni mbinu gani.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Nimefikia uamuzi, kwa uchunguzi wangu mwenyewe, kwamba tatizo ni kapasita.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Plagi nimechomoa jana jioni. Leo asubuhi nimepima chaji kwa mita, sifuri, nikapima tena, sifuri. Mimi si mjinga.

Kapasita za zamani zilikuwa zimevimba na kutoa ute kama majipu. Nimezikata. Nimechomelea mpya kwa lehemu, tatu, kazi safi ya kupigiwa picha. Nikafunika kifuniko, nikawasha.

Kapasita ina upande wa chanya na upande wa hasi. Alama yake ni ndogo sana, na miwani niliyovaa ilikuwa ya Mwatumu. Moja nilikuwa nimeigeuza. Ikahesabu kama sekunde sita, ikalipuka. Kifuniko kilizuia mlipuko, hakikuzuia moshi wala vijikaratasi vya ndani yake. Vimeruka kama theluji hadi kwenye baibui ambayo Mwatumu aliipiga pasi kwa ajili ya harusi. Umeme wa ghorofa yote ukakatika. Nilimsikia Victorine kupitia ukutani akimuuliza Mungu kwa Kifaransa.

 Mwatumu aliikung'uta baibui, mara moja, mara mbili, huku ananitazama. Afadhali angenitukana.

Nimesubiri, nimepima, sifuri. Nikatia ile ya nne, ya akiba. Safari hii Mwatumu ndiye aliyesoma alama. Umeme wa ghorofa ukarudi. Nikawasha. Nikangoja valvu zipate moto. Hakuna kitu. Nikajua nimeiua. Nikagusa waya mmoja wa gitaa, na sauti ikatoka, tupu, safi, kama mtu kakunong'oneza sikioni.

Desibeli thelathini na moja, na hizo ni za barabarani.

Nimetengeneza! Mimi! Skrubu nimerudisha kumi na moja. Tatu zilizobaki zilikuwa za ziada tangu kiwandani.

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimekodi bakkie, pikapu ya jirani, mpaka Troyeville. Kwenye kila robot, taa za barabarani, nilishuka nikaangalia kama iko salama nyuma.

Gereji ilikuwa imejaa. Nikaiwasha bila kusema kitu. Bi Mayasa akauliza mbona haijawashwa. Nikamwonyesha taa nyekundu. Akaweka sikio karibu na spika, akarudi nyuma, akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Gaston alipiga kuliko wote, akasimama, akanipisha kiti mwenyewe. Nakiri hapo nilimpenda kidogo.

Nikaketi. Nikapiga ule utangulizi wa kumwingiza bibi harusi, ninaoupiga siku zote. Kila kitu kikasikika. Kila kidole. Kulikuwa na sauti nyingine katikati ya noti na noti, sauti ambazo sijawahi kuzisikia, na mwanzoni nikadhani ni ile kapasita ya nne. Mpiga ngoma akaacha kupiga. Mume wa Bi Mayasa akatoka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa, nililiona kutoka pale nilipokaa. Gaston akawa anatazama viatu vyake.

Nikamaliza. Bi Mayasa akakunja kanga yake, akaikunjua.

"Kaka Mwadini, ndivyo unavyopigaga?"

Nikamjibu ndivyo, miaka kumi na moja, sijabadilisha hata kidole.

"Ee," akasema. "Na sisi tulikuwa tunailaumu mashine."

Nilipokea msamaha huo kwa niaba ya mashine.

Kisha akamwomba Gaston aijaribu. Heshima ilinilazimu kumpisha. Akapiga utangulizi uleule. Sitaandika ulivyosikika. Naandika tu kwamba mume wa Bi Mayasa alirudi kutoka getini, na kwamba dada mmoja wa kuitikia alifuta macho. Bi Mayasa akasema amplifaya lazima iwepo harusini. Akauliza kama nitaweza kuileta Jumamosi mapema. Nikauliza na mimi je. Akasema tutaangalia, inshallah.

Amplifaya imealikwa. Mwenye amplifaya anaangaliwa.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Mwatumu kuna kitu hakiko sawa kwenye ile mashine. Alikuwa anachambua mchele. Harusi zote sitini na nne alikuwepo, amekaa safu ya mbele.

"Baba Shufaa," akasema, "Mwenyezi Mungu alikusitiri kwa kelele miaka kumi na moja. Wewe ukajivua mwenyewe kwa bisibisi."

Akaendelea na mchele.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Sikwenda Newtown. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu, kwa sababu maneno ya watu hubadilika, hesabu haibadiliki.

Pamoja na ngurumo: harusi sitini na nne, wageni kwa wastani mia mbili na hamsini, jumla watu elfu kumi na sita. Waliolalamikia upigaji wangu: sifuri. Bila ngurumo: zoezi moja, watu kumi na wawili. Waliolalamika: kumi na wawili, ukihesabu na aliyekwenda getini.

Kilichobadilika kati ya hapo si mimi. Vidole ni vilevile kumi. Kwa hiyo kasoro ni ukimya. Ukimya mwingi namna ile si wa kawaida, unaharibu muziki. Ngurumo ilikuwa inaujaza wimbo kwa chini, kama nazi kwenye mchuzi, na mimi kwa wema wangu nikaitoa. Gaston alijua. Ndiyo maana akaleta kapasita, tena na ya akiba! Sasa mbinu nimeielewa.

Nimemweleza Mwatumu. Ameingia chumbani akafunga mlango. Ndani amecheka, au amelia, mlango ni mnene.

Barua nimeandika saa sita mchana, nakala mbili, moja ya kwangu. Nainakili hapa:

"Bi Mayasa, dada yangu, salaam aleikum. Baada ya uchunguzi nimegundua kwamba amplifaya imetengenezwa kupita kiasi. Nina uwezo wa kuirudishia ngurumo yake, desibeli hamsini na nane kamili, na mpasukopasuko ukihitajika, kabla ya harusi ya Nusaiba. Kazi itachukua saa nne. Kiti changu kitakuwa changu kama zamani, na wageni watasikia walichozoea. Swali ni moja: ngurumo irudi au isirudi? Sitaki tutaangalia. Sitaki inshallah, ingawa ni neno jema. Sitaki kupitia kwa mke wangu. Nijibu kwa mkono wako, ndiyo au hapana, kabla ya Jumatano saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja nafungua skrubu ya kwanza kati ya kumi na moja."