Nafasi Ishirini na Moja

Jumamosi, 5 Julai 2025
Kamachumu. Miaka kumi na tisa nafundisha hisabati, sijawahi kuchaguliwa hata kuwa mtunza muda. Sasa nagombea uenyekiti wa chama chetu cha walimu wa hisabati, Bukoba na Muleba. Mgombea peke yangu! Wapiga kura saba. Ili niwe na hakika, nimemwahidi kila mmoja, kwa siri, kwamba atakuwa makamu wangu. Wote saba. Mama kule Kitendaguro nimeshamwambia nimeshinda.

Hatari ni moja tu: wakilinganisha ahadi.

Jumatatu, 7 Julai
 Mtihani wa pamoja wa chama una mada saba. Kila mada hutungwa na walimu watatu kati ya hao saba, kikao kimoja. Ratiba ya zamani, ya Kyaruzi wa Buhembe, iliwakalisha yeye na mwalimu mwenzetu Georgina pamoja kila mara. Sasa napanga mimi, katibu wa kuteuliwa. Siri ya Mhaya haipiti kwenye simu. Inataka watu wakae, watafune akamwani, ile kahawa yetu kavu. Na kikao cha kwanza huishia kwenye salamu, migomba na misiba. Siri hutoka cha pili. Kwa hiyo wawili wasikae pamoja mara mbili!

Dawa ni jiometri. Kila mwalimu nimempa namba ya tarakimu tatu, sifuri na moja tupu. Georgina 001, Kyaruzi 010, Joackim wa Muleba 011, hivyo hivyo hadi 111. Moja na moja nahesabu sifuri. Watatu ambao namba zao zikijumlishwa zinatoa 000, hao ni kikao. Vikao saba, nafasi ishirini na moja, hakuna wawili wanaorudiana. Machozi yalinitoka kwa uzuri wake. Ilibaki 000, nikajipa mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai
Kyaruzi kapiga simu. Anataka kikao cha aljebra kiongezewe mtu. Nikamweleza kwamba ishirini na moja ndiyo mwisho. Ukiweka ya ishirini na mbili kwa hao saba, lazima wawili warudiane. Imethibitishwa! Akauliza, kwani wakirudiana kuna ubaya gani.  Nikasema mtu wa nne nitakuwa mimi.

Jumatano, 16 Julai
Aljebra, kikao cha mwisho. Georgina, Kyaruzi, Joackim, na mimi mlinzi. Walisalimiana nusu saa, kama nilivyokadiria. Kisha Mama akapiga simu: ameshaalika ukoo mzima, Jumapili wanakuja kunipongeza. Nilikuwa nje dakika nne. Nikarudi. Akamwani imekwisha. Georgina, aliyekuwa akiniita Mwenyekiti, akaniita Mwalimu. Nimekwisha.

Ijumaa, 18 Julai
Ndiyo: sifuri. Hapana: saba. Na mgombea nilikuwa peke yangu!

Joackim alinieleza kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. Zamani wengine hawakuwa wakionana kabisa. Ratiba yangu ilimkutanisha kila mtu na kila mtu, mara moja, bila kumsahau yeyote. Mara moja ilitosha. Alisema mtu mwenye furaha ya kuwa makamu hangoji kikao cha pili. Kyaruzi akaisifu ratiba mbele ya wote, kisha wakamchagua yeye. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 20 Julai
Mama amekuja, na ukoo, na mikungu minne ya ndizi. Nilianza kusema uchaguzi umeahirishwa. Akanikatiza: shangazi wa Georgina alimwambia tangu juzi, sokoni. Alijua, na bado amekuja. Akanipakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, akaniambia nile. Nililia mbele ya wajomba, mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

Kwa kunihurumia, ukoo umenipa ukatibu. Kaya kumi na tatu, zitembeleane kwa vikundi, na Desemba zichague mwenyekiti. Nimetafakari kosa langu kwa uchungu. Kosa lilikuwa kutumia sifuri na moja tu. Ukiongeza mbili, na kuhesabu namba na maradufu yake kuwa moja, unapata namba kumi na tatu, vikao kumi na tatu, kaya nnenne, na mbili hazirudiani kamwe!

Kabla sahani hazijaoshwa nilikuwa nimeshaahidi umakamu kaya tisa. Zimebaki nne.