Kidole Gumba Kilichojaza Uwanja wa Ndege

Abdulghani wa Magongo ndiye mwanadamu pekee aliyewahi kujaza uwanja wa ndege kwa kidole gumba. Wengine hujaza kwa watalii, kwa harusi, kwa mikutano ya wakubwa. Yeye alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, tena chenye ukucha uliomeguka!

Mimi ni jirani yake. Tumegawana ukuta miaka kumi na tisa, na nyumba zetu ziko karibu na ua wa uwanja kiasi kwamba ndege ikiruka, chai hutikisika kikombeni. Kwa hiyo nisemayo nayajua, na yalinikosesha raha kwa siku nyingi. Mkiniona nacheka msidhani nimemsamehe.

Ilianza pale kampuni moja ya utafiti kutoka Nairobi ilipokuja kuhesabu abiria. Watu walikuwa wakilalamika kwamba uwanja umefurika. Ikifika Disemba, huwezi kugeuka na begi lako bila kumpiga mtu goti. Kampuni ikataka kujua wasafiri wameongezeka kiasi gani na jengo laweza kubeba wangapi. Ikatafuta watu wa kuhesabu kwa wiki mbili, na Ghani, ambaye alikuwa amekaa bila kazi tangu Ramadhani, akawa wa kwanza kufika.

Akapewa fulana ya kung'aa, kiti cha plastiki, na kile kidude kidogo cha kubonyeza. Ukikibonyeza kinalia ta! na namba inapanda moja.

Msimamizi wake alikuwa dada wa bara, mhandisi, jina lake Lynnette. Akamweka kwenye lango la nje, mahali ambapo kila mtu hupita kabla ya kulifikia jengo lenyewe.

"Mzee, kazi yako ni moja tu," akamwambia. "Mtu akiingia unamuuliza: wewe ni msafiri ama msindikizaji? Akisema msafiri, bonyeza. Akisema msindikizaji, achana na yeye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mhandisi mwenzangu," akajibu Ghani.

Lynnette alimtazama kidogo, kisha akaenda zake. Laiti angelirudi!

Jioni ile Ghani hakwenda kwake. Alipitia kwa Nyamvula, mama wa mahamri aliye na meza yake mbele ya nyumba zetu, akakiweka kidude mezani katikati ya mbaazi.

"Nyamvula, nipakulie vizuri. Wazungumza na Afisa wa Takwimu za Anga."

"Afisa wa nini?"

"Wa Anga!"

"Na mbona umekuja kwa miguu?"

Tukacheka. Ghani hakujali. Akatuonyesha namba ya siku ile: mia moja na tisini na nane. Alikuwa amemuuliza kila mtu kama alivyoagizwa, na hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya haki.

Nyamvula akainama, akaisoma, akajifuta mikono.

"Mia na tisini na nane? Ghani, mimi asubuhi moja nauza mahamri zaidi ya hayo. Basi na waipanue meza yangu!"

Maneno hayo yalimwingia. Nilimwona akiondoka na mahamri mawili mkononi, hajayauma. Mtu akishajiita Afisa wa Anga, hawezi kushindwa na kikaango.

Tangu siku ya pili, lile swali likawa zito kinywani mwake. Akaanza kuona kwamba ni utovu wa adabu. "Mtu mzima na kanzu yake, na kofia yake ya vito, nimsimamishe nimuulize wewe msafiri au msindikizaji? Mimi nimelelewa!" Kisha akapata na hoja ya dini. "Na isitoshe, nani hapa duniani asiye msafiri?" Ta! Ta! Ta!

Siku ya tatu ikawa siku ya kundi la Umra.

Nanyi mwatujua sisi wa pwani. Mtu hasafiri peke yake kwenda Umra. Msafiri ni mmoja, wasindikizaji ni mtaa mzima. Tena kuna suala la radhi: aendaye lazima aombe radhi kwa kila aliyewahi kumkosea, na kila mtu lazima aje aitoe radhi hiyo hadharani, isije ikasemwa kwamba fulani alimkatalia. Kwa hiyo hata usiyempenda humsindikiza. Na usiyempenda ndiye hulia zaidi.

Miongoni mwa wasafiri alikuwamo Bi Mwanasaumu, mama mkwe wa Ghani, mzazi wa mkewe Zuleikha. Alitoka Mtopanga na watu arobaini na sita. Wakaingia langoni wote pamoja, wamebeba birika, mkeka na mtoto mchanga. Ghani akabonyeza mara arobaini na saba, kisha akafikiri, akabonyeza na ya mtoto, maana aliyebebwa naye kaingia.

Hawajafika mlangoni, sauti ikaita kutoka nje: "Bi Mwanasaumu! Watu wa Magogoni wamefika, na hujawaomba radhi!"

Bibi akageuka. Watu wake wote wakageuka. Wakatoka, wakalia, wakasameheana, wakarudi pamoja na watu wa Magogoni. Ta! Ta! Ta! Mara wakaja wa Mikindani. Wakatoka tena. Mara akaja shoga yake wa Likoni aliyechelewa kivukoni, akihema, viatu mkononi. Wakatoka tena, kisha mara mbili nyingine! Kila wanaporudi, Ghani anawahesabu upya kuanzia bibi mwenyewe.

Safari ya mwisho, Bi Mwanasaumu alisimama mbele ya mkwewe. Akaona kile kidude, akaona kidole hakitulii. Hivyo vidude kwetu vyajulikana. Wazee siku hizi huvitumia badala ya tasbihi, wakivuta uradi wao kwa kubonyeza. Macho ya bibi yakajaa machozi.

"Ghani mwanangu! Kumbe wavuta uradi?"

Ghani akatazama kidude. Akamtazama mama mkwe. Akapata nafasi ya kusema kweli, akaiacha ipite.

"Alhamdulillahi, mama," akasema kwa sauti ya upole. "Kidogo kidogo."

"Mashallah! Miaka yote mimi nakudhania vingine. Nisamehe, mwanangu. Nikifika mbele ya Kaaba, wallahi, nitakuombea wewe kabla ya wanangu wa kuzaa."

Na huku anamkumbatia, kidole kikabonyeza. Ta!

Siku hiyo kidude kilisoma elfu moja mia tisa na arobaini. Jioni Ghani alikiweka mezani kwa Nyamvula, safari hii bila kusema neno. Nyamvula akasoma, akampa hamri la bure. Sijapata kumwona mwanamume akitafuna kwa majivuno namna ile.

Wiki mbili zikaisha. Lynnette akafurahi mno, maana ripoti ilikuwa nene. Abiria wameongezeka karibu mara kumi! Jengo limelemewa! Lazima uwanja upanuliwe, na upesi! Ghani akapewa cheti chenye jina lake, akakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Alipoulizwa na watu, alijibu kwamba kupanuliwa kwa uwanja ni wazo lake, ila serikali itasaidia.

Hata mwezi haujaisha, Alhamisi moja asubuhi, akaja fundi wa kampuni aitwaye Kefa, na kopo la rangi nyekundu na brashi. Akaanza kutia alama ya X kwenye kuta zetu. Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu. Mimi najua X nyekundu ni nini, kila mtu katika nchi hii ajua. Nilikaa chini pale pale barazani.

Ghani akatoka kwake na mswaki mdomoni. Akaniona nimekaa, akamwona Kefa, akatabasamu.

"Ah, mmeshafika! Mwatia alama nyumba za wataalamu?"

Kefa akachovya brashi.

"Hiyo ya jirani naona ni ndogo, na ni sawa, yeye hana cheti. Yangu itie kubwa."

"Kubwa aje, mzee?"

"Ionekane na rubani!"

Kefa ni kijana mtiifu. Alipanda ngazi. Akapiga mstari wa kwanza kutoka kwenye paa mpaka kwenye kiti cha baraza, akashuka, akapiga wa pili. Kopo likaisha. Ghani akarudi nyuma hatua kumi akaitazama kazi, mikono kiunoni, povu la dawa kidevuni.

Zuleikha akatoka kuona anayezungumza ni nani. Akaitazama X. Akamtazama mumewe.

"Ghani," akasema taratibu, "hiyo ni alama ya kubomolewa."

Mswaki ukaanguka.

Na hapa lazima niseme jambo. Ile nyumba haikuwa ya Ghani. Aliijenga marehemu baba yake Zuleikha, tofali kwa tofali, kwa miaka kumi na mitano ya kubeba magunia bandarini. Bi Mwanasaumu alimpa binti yake akae, akahamia Mtopanga kwa mwanawe mkubwa. Ukuta ule ndio kitu pekee alichoachiwa na mumewe. Niliona huruma, kisha nikakumbuka ukuta wangu, huruma ikapungua.

Juma lililofuata chifu akaita baraza. Viti vikapangwa, Lynnette akaja na michoro yake. Bi Mwanasaumu naye alikuwa amerudi kutoka Makka siku nne nyuma. Akaja moja kwa moja, na chupa ya zamzam mkobani na X ya ukuta wake machoni.

Lynnette akaeleza kwa upole kwamba hili bado ni pendekezo, lakini hesabu ndiyo hesabu. "Siku moja tu, abiria karibu elfu mbili wamepita lango moja. Tutawaweka wapi? Mwenye pingamizi aseme."

Nikasema mimi. Akasema Nyamvula. Kila tukisema, Lynnette anarudi kwenye namba yake: elfu moja mia tisa na arobaini. Ghani alikuwa nyuma kabisa, amejificha kwa mtu mnene.

Bi Mwanasaumu akasimama.

"Siku hiyo ya elfu mbili ni siku gani, mwanangu?"

Lynnette akaangalia karatasi, akaitaja tarehe.

"Ndiyo siku niliyosafiri mimi." Bibi akageuka polepole. "Ghani! Toka hapo nyuma ya watu. Kile kidude ulichokuwa ukibonyeza, kilikuwa uradi?"

Baraza zima likageuka nyuma. Hata ndege iliyokuwa ikitua nadhani ilipunguza sauti. Ghani akasimama. Nilimwona akifungua mdomo aseme uongo, akaangalia ule mkoba wa zamzam, akashindwa.

"Hapana, mama. Nilikuwa nahesabu abiria."

"Mimi ulinihesabu mara ngapi?"

"Mara... mara saba, mama."

"Saba! Makka nimezunguka mara saba, kumbe wewe ulishanizungusha hapa hapa Magongo!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Bibi hakucheka. "Na mimi nimekuombea! Mbele ya Kaaba, kwa machozi, nimesema Mola mzidishie mkwe wangu uradi wake!"

Lynnette alikuwa amesimama, kalamu hewani. "Mzee Abdulghani, wasafiri wenyewe siku hiyo walikuwa wangapi?"

"Labda mia mbili," akasema Ghani akiangalia viatu vyake. "Na ushee."

"Na hao wengine?"

"Wasindikizaji."

Nyamvula akapiga kofi. "Nirudishie hamri langu!"

Yakaisha hivyo. Pendekezo likafutwa, nyumba zetu zikabaki, cheti kikachukuliwa, kidude kikasahaulika kwa Ghani. Nilimwonea fahari kidogo siku ile, maana kusema kweli mbele ya chifu, mama mkwe na Nyamvula kwa pamoja si mchezo. Ghani mwenyewe alidhani mambo yamekwisha.

Lynnette aliandika ripoti mpya. Safari hii ilisema kwamba uwanja haujafurika wasafiri. Umefurika wasindikizaji. Dawa yake ikawa rahisi: langoni aingie msafiri tu, wengine wabaki nje.

Nje wapi? Hapo hawakuandika. Lakini watu wa Likoni na Kisauni hawawezi kumwacha mama yao langoni wakaondoka, sharti ndege waione inaruka. Wanataka kivuli, maji na choo. Na ukiwaelekeza, waelekeze wapi kwa urahisi kuliko ile nyumba yenye X kubwa, iliyo barabarani, yenye baraza refu? Ile rangi haitoki, tumesugua! "Tukutane penye X" ndiyo kauli ya Mombasa nzima sasa.

Huja tangu asubuhi na mikeka yao. Husameheana barazani, hulia sebuleni, huchemsha chai jikoni. Nyamvula ameongeza meza ya pili. Na Bi Mwanasaumu amerudi kuishi pale, kwa sababu, asema, mkwewe hawezi kuachiwa ukuta peke yake.

Juzi nilikuwa barazani kwangu nilipomwona Ghani akija mbio kutoka dukani, amejikunja, mkono tumboni. Akapita katikati ya mikeka, akafika mlango wa choo chake mwenyewe. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wanane. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa Bi Mwanasaumu na kile kidude mkononi.

"Mama, nipishe!"

Bibi akanyanyua macho.

"Wewe msafiri au msindikizaji?"

"Mama, ni mimi!"

"Nakujua. Jibu swali. Wasafiri ndio wanaotangulia, wana ndege ya kuwahi."

Ghani akafikiri upesi, anacheza mguu huu na huu. "Mama, kwani nani hapa duniani asiye msafiri?"

"Tiketi i wapi?"

Ghani akapapasa mifuko mitupu. Jasho likamtiririka.

"Msindikizaji," akasema kwa sauti ndogo.

Ta! "Kumi na tisa," akasema Bi Mwanasaumu. "Nyuma ya yule mwenye birika."