Meneja wa Wegesa

Jumatatu, 28 Julai 2025

Nimekuwa meneja! Hakuna aliyeniteua, lakini nafasi ilikuwa wazi. Mpwa wangu Wegesa, wa darasa la saba hapa Kemambo, alirekodiwa akimwigiza bibi yake, yaani mama yangu Boke, anavyomgombeza ng'ombe aliyekula kitenge kwenye kamba. Video imevuka mpaka wa Sirari, Wakenya nao wanacheka. Nikamwambia dada yangu Felista kwamba mtoto wake sasa anahitaji uongozi. Akasema anachohitaji ni kufua sare. Ndiyo shida ya kufanya kazi na ndugu.

Jumatano, 30 Julai

Nimemrekodi Wegesa alipotoka shule. Mara ya kwanza hakuchekesha. Ya pili pia. Tukaendelea mpaka kuku wakaingia bandani. Akasema vichekesho vimeisha. Nikamweleza kwamba vichekesho haviishi, huo ni uvivu. Akauliza kama anaweza kusoma hisabati kidogo, mtihani wa taifa ni mwezi wa tisa. Hisabati!

Halafu kuna adui. Luhaga, yule aliyetoka Geita kuja kuchimba dhahabu Nyakunguru akaishia kuuza simu, amebandika picha ya Wegesa kwenye bango la duka lake. Nikaenda kumkomesha. Akanipa kiti, akanipa soda, akanipongeza kwa kuwa na mpwa kama yule. Nimerudi na bango lake la pili. Nimekubali kulitundika kwangu.

Ijumaa, 1 Agosti

Kesho tuna onyesho Mugumu. Wegesa alipaswa kubaki nyumbani afanye mazoezi, kwa hiyo nikaenda naye shuleni nikamwambia Mwalimu Theodora kwamba mtoto anaumwa jino. Mwalimu akamwambia afungue mdomo. Meno yote mazima! Mwalimu akaniangalia kama mbuzi aliyekutwa kwenye maharage.

Jioni tukapita msibani kwa marehemu mzee Nyangwine. Kutoa pole tu. Lakini tulipotoka ndani, vijana wa bodaboda pale nje wakamtambua Wegesa, wakataka awachekeshe. Alinishika mkono, hakutaka. Nikamsukuma mbele. Mashabiki ni mashabiki. Akaigiza, wakacheka kwa nguvu. Ndani, mjane akaacha kulia, akauliza ni nani anayecheka. Wegesa akaingia peke yake, akapiga magoti, akaomba radhi. Mimi nilikuwa bado natafuta viatu vyangu.

Jumamosi, 2 Agosti

Mugumu. Ukumbi ulijaa, wengine wamening'inia madirishani. Wegesa alitapika njiani kwenye basi. Nikamwambia wasanii wakubwa wote hutapika.

Akapanda jukwaani, akasimama kimya. Nikamnong'oneza kutoka pembeni: "Ng'ombe! Ng'ombe!" Akashika kipaza sauti akasema, "Nimechoka. Naomba kwenda nyumbani."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akaanza kulia. Wakazidi kucheka, wakapiga meza. Mtu akapaza sauti, "Huyu mtoto ni noma!" Hata mimi nilicheka, mpaka nilipoona kamasi. Machozi ya kuigiza hayana kamasi.

Nikaruka jukwaani kuokoa hali. Nikaigiza ng'ombe mwenyewe. Hapo ndipo walipoacha kucheka. Gunzi la hindi likanipata sikioni.

Jumapili, 3 Agosti

Mama ameniita. Nikasema shikamoo mama. Hakuitikia mpaka nilipokaa chini kama mtoto. Akasema, "Hiyo sauti mnayozunguka nayo ni yangu. Mtoto ni wa Felista. Cha kwako hapo ni kipi?" Nikafikiri. Nikataja bango. Hakucheka.

Imeamuliwa: Wegesa haigizi popote mpaka amalize mtihani, na baada ya hapo ni akitaka mwenyewe. Ameshinda amelala. Jioni nikamsikia nyuma ya jiko na wenzake, anaigiza mtu anayekimbia jukwaani akishika sikio. Walicheka mpaka wakakohoa. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Roho ikaniuma kidogo. Nikadhani ni njaa, nikala. Ikaendelea kuuma.

Nikamfuata, nikamwomba msamaha. Akasema, "Yameisha, mjomba." Kisha akaangalia mikono yangu, kuhakikisha sina simu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetafakari sana, kwa moyo wote. Nimeliona kosa langu. Wegesa ni mkubwa mno! Miaka kumi na tatu, ana shule, ana mtihani, ana maoni yake. Msanii lazima aanze mapema.

Jirani yangu Erasto ana binti wa miaka minne, Nora. Anapiga mluzi nyimbo za kanisani kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Hajaanza hata shule. Nimekwenda kwao mchana huu. Nimemweleza Erasto juu ya kipaji, nidhamu na uongozi. Kavutiwa kabisa. Nikaomba nisikie mwenyewe huo mluzi.

Mtoto alikuwa amelala. Tukamwamsha.