Jina la Mkwe Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 9 Januari 1989

Teleksi imeingia asubuhi kutoka hoteli moja ya Mombasa. Wao waliletewa na wengine, na hao wengine hawajulikani. Ijumaa hii, tarehe kumi na tatu, kirusi kitaingia katika kompyuta zote za pwani na kufuta kila kilichomo. Anayesoma anakili, apelekee hoteli kumi, la sivyo atajuta. Bahati iliyoje!

Maana Jumamosi Bwana Kambi, meneja wa hoteli yetu, anateua mkuu wa kompyuta. Makarani wa mapokezi tuko wawili, mimi na Hafidha. Na chumba cha kompyuta ndicho chenye kiyoyozi. Januari ya Malindi, na shati langu la nailoni! Chumba kile ni changu.

Nimeipeleka kwa kila hoteli ninayoijua. Chini nimetia: Dzombo, Mtaalamu.

Hafidha kaisoma, kacheka. Ati barua kama hizi zinazunguka mjini tangu utoto wake, nakili ama upatwe na balaa, na bibi yake akizikokea moto. Nimemwambia teleksi si barua.

Jumatano, 11 Januari

Simu hazikatiki. Hoteli zote zinamuuliza Mtaalamu dawa. Bwana Kambi naye kauliza. Hafidha akawahi kujibu, kimbelembele kama kawaida yake: kazi inakiliwe kwenye diski, zifungiwe kabatini, diski za watu wa nje zisiingizwe, liwepo neno la siri, wawili walijue, mmoja akiugua mwingine afungue. Bwana Kambi akawa anaitikia tu. Nikaona kiyoyozi kinaniponyoka.

Nikadakia. Neno nitalitia mimi, na nitalijua mimi peke yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami ndimi kata! Bwana Kambi akasema haya, ila likiharibika ni juu yangu.

Alhamisi, 12 Januari

Neno nimelipata. Hafidha angelibahatisha jina la mke wangu. La mwanangu pia. Basi nimetia jina la mama mkwe! Kwetu Wagiriama mkwe hatajwi. Tangu nioe halijapita mdomoni mwangu, hata usingizini. Hata hapa siliandiki. Nani atalisikia? Akili hii sijui niliirithi kwa nani.

Jambo la pili: kesho nisiwepo. Kirusi kikila kazi, atakutwa Hafidha. Kisipokula, ni kinga yangu. Nimemwambia Bwana Kambi mkwe wangu wa Kakuyuni yu mahututi. Kanipa pole na ruhusa. Diski sikunakili. Neno latosha.

Ijumaa, 13 Januari

Asubuhi ilianza vizuri. Mkwe nimemkuta shambani na jembe, mzima wa afya. Nikaketi mbali kwa heshima, nikaletewa chai na mihogo. Mara mtu mbio: naitwa kwenye simu, dukani kwa Garama. Hapa kijijini simu ni ile moja. Mkwe akasema simu ya haraka ni msiba, akatwaa leso yake, akafuata nyuma.

Alikuwa Bwana Kambi. Basi zima la wageni wa Italia limefika, vyumba vyao vimo kwenye kompyuta, na kompyuta inadai neno. Wageni wako juani na masanduku yao. Nitaje neno upesi, tena kwa sauti, laini inakwaruza.

Nikageuka. Mkwe kasimama mlangoni, ananitazama.

Nikasema siwezi. Akauliza kwa nini. Nikasema ni jina la mtu wa heshima, na yupo hapa hapa. Bwana Kambi ni Mgiriama mwenzangu, alielewa mara moja.  Kisha akauliza polepole kama mahututi wa jana ndiye huyo aliyesimama dukani leo.  Nikasema laini inakwaruza, sisikii. Akasema basi nitaje herufi moja moja.

Wazo zuri! Herufi si jina. Nikapaza sauti: K. A. C. H. E. Laini mbaya, nikarudia. Duka zima likatulia kunisikiliza.

Nilichosahau ni kwamba mkwe alisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, mwaka jana, na cheti chake kimetundikwa ukutani kwake. Midomo yake ilikuwa ikinifuata, herufi kwa herufi.

"Kache," akasema. "Ndiyo mimi huyo."

Ee Mungu wangu. Garama aliacha kupima sukari.

Jumamosi, 14 Januari

Kompyuta ilifunguka, kazi yote salama. Kirusi hakikuja kwetu wala kwa yeyote. Mkuu wa kompyuta ni Hafidha. Nimemwona kupitia kioo cha chumba kile, amejitanda mtandio kwa baridi. Baridi! Imeniuma, sifichi.

Mkwe amenitoza mbuzi na doti ya leso kwa kumtangaza dukani. Mke wangu hasemi nami. Bwana Kambi hakunifukuza, ila kila tunapopishana ananiuliza hali ya mgonjwa wangu.

Mchana teleksi nyingine: kirusi kimeahirisha safari, kitakuja Februari. Nimeipeleka kwa hoteli zote, na posta pia.

Hafidha ameniachia orodha ya funguo za vyumba niitunze kwenye kompyuta. Akanisihi sana: neno jipya la kuifungua liwe rahisi kutamka, na yeye alijue. Nimeitikia. Lakini nimetafakari, na kosa langu lilikuwa moja tu. Yule mama anajua kusoma.

Neno jipya ni jina la baba mkwe. Yeye hata ngumbaru hakwenda.