Ombi la Kurudisha Gwaride la Jumamosi Hapa Harlan Fork

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima na taadhima, naomba nafasi gazetini kwako. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja hapa Harlan Fork, Ohio, na sasa nimechoka kunyamaza.

Jirani yangu Dwayne Kessler ana bunduki kumi na nne. Kila nikimkuta kwa kinyozi ananikumbusha kuwa kubeba silaha ni haki yake ya kikatiba, tangu 1791. Sibishi. Ninacholalamikia ni kwamba yeye hataki haki hiyo yote, pamoja na wajibu wake:

1. Waasisi wa taifa, katika kifungu hichohicho cha Katiba, walitaja mgambo wenye nidhamu. Dwayne ana nidhamu gani? Hata pipa la taka hulitoa siku isiyo ya kuzolewa taka.

2. Enzi hizo mwenye silaha alifika uwanjani, akapanga mstari, akakaguliwa yeye na baruti yake. Nilipomweleza hayo alinicheka mbele za watu: "Mwalimu, wewe kasahihishe madaftari. Bunduki tuachie wanaume!" Iliniuma, Mhariri. Bado inaniuma.

3. Kwa hiyo naomba kaunti iamuru kila mwenye bunduki afike uwanjani mbele ya jengo la mahakama kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, iwe mvua iwe theluji, na mkate wa siku tatu mgongoni.

4. Kwa kuwa tunafuata maana ya zamani, aje na gobore, na zake za kisasa zishikwe na kaunti. Akiweza kulifyatua mara tatu kwa dakika, arudishiwe zake, hata kama ni kumi na nne.

5. Asiyefika afungwe kwenye nguzo hadharani. Adhabu nazo ziwe za mwaka uleule.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mama wa ukurasa wa mapishi. Pai yake ya maboga ilitushinda kuipika, lakini hatuna kinyongo.

Wako mtiifu kwa Katiba,
Orville Pruett

N.B. Kabla sijaituma barua hii tulifanya gwaride la majaribio. Walikuja thelathini na wawili. Kofia ya kapteni nilikuwa nimeshajinunulia. Dwayne, kumbe naye amesoma, akasema mgambo wa kale walimchagua kapteni wao kwa kura. Nilipata moja, yangu. Mke wangu Lorraine, ambaye mwaka 1791 asingeruhusiwa hata kupiga kura, alimpa Dwayne. Kapteni Kessler ameniamuru nichimbe choo cha kikosi kabla ya Jumamosi. Nimeisoma Katiba upya, kwa makini. Sasa naona wazi kwamba haki ile ni ya mtu binafsi, nyumbani kwake, akiwa ameketi.